Makrofaji katika kongosho changa: uchunguze kwa panya, kisahani, tishu ya binadamu, seli shina, samaki au yai la kuku?

Kongosho linapoanza kuchipua kwenye utumbo wa kiinitete, seli za kinga haziko mbali. Nyingi kati yake ni makrofaji, zile seli kubwa za kumeza ambazo tumezoea kuzisikia zikitajwa penye kidonda au vijidudu. Hapa hakuna kidonda wala kijidudu, sasa zinafanya nini? Zinachangia kutengeneza seli beta, zile zinazotoa insulini, au zinapita tu zikizoa mabaki ya seli zilizokufa?

Mwanafunzi wa uzamili anayelichukua swali hili hukwama mapema kwenye jambo moja: aliulizie wapi. Njia zipo sita hivi, na kila moja ina watu wanaoiapia. Msimamo wangu nauweka mezani sasa hivi: kwa mtu anayeanza, chipukizi la kongosho la panya lililooteshwa kwenye kisahani linashinda. Panya aliyezaliwa na upungufu wa makrofaji, ambaye wengi humkimbilia kwanza, namweka nafasi ya pili. Zinazobaki zinategemea unauliza nini hasa na mfuko wako una uzito gani.

Kwanza, saa ya matukio

Ratiba hii ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo tusiiruke. Kwa panya wa maabara, ambaye mimba yake huchukua siku 19 hadi 20 hivi, jeni ya Pdx1 huanza kufanya kazi kwenye eneo la kongosho yapata siku ya 8.5. Siku moja baadaye machipukizi yanaonekana, moja upande wa mgongo na jingine upande wa tumbo. Tangu Pictet na Rutter walipoyapanga matukio haya mwaka 1972, watu huyagawa katika mawimbi mawili. Wimbi la kwanza, mpaka karibu siku ya 12.5, hutoa seli chache za homoni, nyingi zikiwa za glukagoni, homoni inayopandisha sukari. Wimbi la pili, kuanzia siku ya 13 hivi hadi ya 16, ndilo linaloleta seli beta kwa wingi.

Makrofaji nazo zina ratiba yake. Za kwanza huzaliwa kwenye mfuko wa kiini, nje ya mwili wa kiinitete, wakati uboho haujakuwepo. Mzunguko wa damu ukishaanza, huingia kwenye viungo vinavyojengeka. Baadaye ini la kijusi hushika zamu ya kuzalisha seli za damu, na uboho huja mwishoni kabisa. Seli T zinasubiri tezi ya thaimasi, kwa hiyo katika siku za mwanzo za kongosho hazina uzito mkubwa. Ndiyo maana humu ninapoandika seli za kinga, makrofaji ndizo ninazozifikiria.

Kwa binadamu machipukizi huonekana kuelekea mwisho wa wiki ya 4 baada ya kutungwa mimba, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 7, na seli beta za kwanza huonekana karibu wiki ya 8. Hapa pana tofauti ambayo michoro ya vitabuni huificha: kwa binadamu lile wimbi la kwanza la panya halionekani. Ukigundua jambo kwenye panya wa siku ya 10, huna hatua ya binadamu ya kuliweka sambamba nalo. Mwenye nia ya kuishia kwenye tiba ya kisukari alijue hili kabla hajaagiza panya hata mmoja.

Panya op/op dhidi ya chipukizi kisahanini

Panya aitwaye op/op alipewa jina kutokana na mifupa yake kuwa mizito kupita kiasi, maana seli zinazomung'unya mfupa ni ndugu wa makrofaji na zote zinategemea kichocheo kimoja. Mwaka 1990 ilibainika kwamba jeni yake ya Csf1 ina herufi moja iliyojipenyeza, na protini ya CSF1 inayotoka haifanyi kazi. Bila CSF1, makrofaji za viungo vingi hupungua sana. Mwaka 2004 kundi la Michel Polak wa Paris, likishirikiana na Jeffrey Pollard, lilitazama kongosho la panya hawa. Kiasi cha seli za insulini kilikuwa chini kwa vijusi vya siku ya 18.5 na kwa panya wazima pia, mgawanyiko wa seli ulikuwa umepungua mwishoni mwa mimba, na visiwa vya kongosho, yaani vile vifungu vya seli za homoni, havikujipanga vizuri baada ya kuzaliwa.

Hayo ni matokeo mazito, na ndiyo yanayowavuta watu. Panya mzima, mwili mzima, makrofaji zimeondoka, seli beta zimepungua. Mtu atake nini tena?

Atake mengi. Panya op/op hana meno, kwa hiyo hulishwa chakula laini. Ni mdogo wa umbo, hazai vizuri, mifupa yake imejaa hata nafasi ya uboho imebanwa. Ukipima seli beta za mnyama wa namna hiyo akiwa mzima, utajuaje kama unapima upungufu wa makrofaji au unapima maisha magumu? Kwa hiyo katika utafiti ule mimi naegemea takwimu za kijusi kuliko za panya mzima: kijusi hakihitaji meno. Jambo la pili ni kwamba makrofaji za op/op hazijaisha zote. Mwaka 2008 iligunduliwa protini nyingine, IL-34, inayotumia kipokezi kilekile cha CSF1, na tangu hapo ikaeleweka kwa nini panya aliyekosa kipokezi chenyewe huumia zaidi ya op/op. Anayetaka upungufu mkali zaidi hutumia panya asiye na jeni ya kipokezi hicho, Csf1r, ila matatizo ya mwili mzima nayo yanaongezeka. Hutoki bila gharama.

Sasa tazama njia ya pili. Msingi wake ni wa zamani: mwaka 1962 Golosow na Grobstein walionyesha kwamba chipukizi la kongosho la panya linaweza kukua nje ya mwili, na kwamba tishu laini inayolizunguka, mesenkaimu, ikiondolewa, ukuaji unakwama. Makrofaji zinakaa humohumo kwenye mesenkaimu. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiotesha kongosho pamoja na makrofaji zake bila kuzitilia maanani.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya mwenye mimba ya siku ya 11.5 au 12.5 anatolewa tumbo la uzazi, viinitete vinawekwa kwenye maji ya chumvi ya baridi. Chini ya darubini ya kupasulia unafungua tumbo la kiinitete, unautoa utumbo wa juu mzima, kisha unaugeuza. Nyuma ya tumbo la chakula, upande wa mgongo, pana kinundu cheupe kidogo kilichovikwa tishu angavu. Hicho ndicho. Wengi hukikata kwa sindano mbili nyembamba za tangsteni, na wapo wanaotumia sindano za insulini, kejeli ndogo ambayo kila maabara huicheka mara moja. Kinundu kinawekwa juu ya utando wenye vitundu, na lishe inamiminwa chini yake mpaka iguse utando bila kuufunika. Juu hewa, chini chakula. Ukizamisha, oksijeni inakuwa haba na seli beta zinachelewa. Ndani ya siku chache kinundu kinatoa matawi, na katikati ya wiki unaweza kuzipaka rangi seli za insulini ukazihesabu. Makrofaji unazitambua kwa kingamwili ya F4/80, iliyotengenezwa Oxford mwaka 1981 na ambayo bado haijapitwa na wakati.

Raha ya kisahani ni kwamba unaweza kuongeza na kupunguza. Mwaka 2005 watafiti wa Rotterdam na Helsinki waliongeza CSF1 kwenye vipande vya kongosho la kijusi cha panya: makrofaji zikaongezeka, na seli za insulini zikaongezeka pia. Kupunguza hufanywa kwa vipovu vya mafuta vilivyobeba dawa ya klodronati. Makrofaji huvimeza kwa sababu kumeza ndiyo kazi yake, dawa inafunguka ndani, seli inakufa, na seli zisizomeza zinabaki salama kwa kiasi kikubwa. Usisahau kisahani cha kulinganishia chenye vipovu vitupu, na usisahau kwamba makrofaji zilizokufa huacha mabaki ambayo nayo yanaweza kuwaathiri majirani.

Kisha kuna matokeo ya mwaka 2014 kutoka kundi la Vincenzo Cirulli na Laura Crisa, Seattle, ambayo ndiyo sababu kubwa ya mimi kukiweka kisahani mbele. Walionyesha kwamba makrofaji zilizo katika hali ya utulivu, ile inayofanana na ya kijusi, huzifanya seli changa za kongosho ziache kugawanyika na zianze kuhama. Kuacha kugawanyika na kuhama ndizo hatua seli inazopitia inapotoka kwenye mrija kwenda kuanzisha kisiwa.

Weka hilo kando ya matokeo ya Paris. Upande mmoja, makrofaji zikipungua mgawanyiko unapungua. Upande mwingine, makrofaji zikiwepo mgawanyiko unasimama. Msomaji wa haraka atasema mmoja wao amekosea. Mimi nasoma hivi: wanazungumzia saa tofauti na seli tofauti. Seattle walikuwa wanatazama seli changa zinazojiandaa kubadilika, Paris walikuwa wanapima kongosho la kijusi kilichokaribia kuzaliwa, ambapo seli beta zimeshakuwepo na kazi iliyobaki ni kuongezeka. Makrofaji ileile, au mzao wake, inaweza kusema simama siku ya 13 na endelea siku ya 18. Panya op/op hawezi kukuonyesha hilo, kwa sababu yeye amekosa CSF1 tangu mwanzo hadi mwisho. Kisahani kinaweza, kwa kuwa wewe ndiye unayechagua siku ya kuongeza na siku ya kuondoa.

Kasoro za kisahani ni za kweli vilevile. Hakuna damu inayozunguka, kwa hiyo makrofaji mpya kutoka kwenye ini la kijusi haziji. Unabaki na zile zilizokuwemo siku ya kukata. Baada ya wiki hivi sehemu ya ndani huanza kukosa hewa na kufa, na vifo hivyo huzichokoza makrofaji zenyewe. Na suala la asili linabaki bila jibu. Mwaka 2015 maabara ya Emil Unanue huko St. Louis ilionyesha kwamba katika panya mzima makrofaji za ndani ya visiwa na zile za nje, kwenye tishu ya katikati, hazina chimbuko moja: za visiwani zinatokana na uzalishaji wa damu wa baadaye, na zile za nje ni mchanganyiko unaojumuisha pia mabaki ya kizazi cha mfuko wa kiini. F4/80 haikuambii ipi ni ipi. Kama swali lako ni zimetoka wapi, acha kisahani, tafuta panya ambao seli zao za damu zimewekewa alama ya kudumu tangu siku ya 8 au ya 9.

Tishu ya binadamu dhidi ya seli shina

Hapa uamuzi ni mwepesi zaidi kwa sababu njia hizi mbili hazishindani sana. Moja inaona, nyingine inafanya.

Kuona kulianza mapema. Mwaka 2006 kundi lilelile la Paris lilieleza kwamba kongosho changa la binadamu lina mazingira ya muda mfupi yaliyojaa seli za kinga, hasa makrofaji. Seli za asili ya damu zinaonekana humo tangu wiki ya 6 baada ya kutungwa mimba, yaani kabla ya seli beta za kwanza. Hilo pekee linatosha kukufanya ushuku kwamba kuna mazungumzo kati yao. Ila ushahidi wa kuwepo si ushahidi wa kazi. Kipande cha tishu ni picha moja ya saa moja, na huwezi kumwondolea binadamu makrofaji ili uone kitakachotokea.

Upatikanaji ndio kizuizi kikubwa. Uingereza wana hazina ya HDBR, Newcastle na London, iliyoanzishwa mwaka 1999, inayokusanya tishu za viinitete na vijusi kwa ridhaa ya wanawake waliotoa mimba na kuzigawa kwa miradi iliyosajiliwa. Kwetu Afrika Mashariki sheria za utoaji mimba ni kali, na hata ukipata mshirika wa nje utapita kwenye vibali: Tanzania kuna NIMR na COSTECH, Kenya kuna NACOSTI, bila kusahau kamati ya maadili ya chuo chako. Hesabu miezi, na uhesabu kwa ukarimu.

Lakini kuna mlango wa pembeni ambao wanafunzi wengi hawaubishi. Data za seli mojamoja za kongosho la kijusi cha binadamu zimewekwa kwenye hazina za umma, na mtu mwenye kompyuta nzuri na uvumilivu anaweza kuzipakua na kuuliza: makrofaji hizi zinatoa protini gani, na ni seli zipi za kongosho zenye vipokezi vyake? Huhitaji panya, huhitaji tishu. Tasnifu nzuri kabisa inaweza kutoka hapo, mradi usiandike kama kwamba orodha ya jeni zinazooana ni uthibitisho kwamba seli zinaongea.

Kwa upande wa seli shina, zile zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingi, habari kubwa ilitoka Toronto mwaka 2024, kundi la Maria Cristina Nostro. (Jiji lilelile lililotoa insulini mwaka 1921, wana haki ya kujivuna.) Kwanza walisoma viini vya seli za kongosho la binadamu la miezi mitatu ya kati ya mimba, wakakuta aina nyingi za seli za damu, zikiwemo makundi mawili tofauti ya makrofaji wakazi. Kisha wakatengeneza seli za homoni na makrofaji, zote kutoka seli shina za kiinitete cha binadamu, wakaziunganisha kuwa vibonge vya seli kwenye kisahani. Makrofaji zilisaidia seli za homoni kukomaa kuelekea kazi yake na kuishi vizuri zaidi. Tishu ilipopandikizwa kwa panya, ilishika vizuri zaidi ikiwa na makrofaji.

Nalipenda jaribio hili, na bado lazima lisomwe kwa makini. Tangu mwaka 2014 maabara kadhaa, ya Douglas Melton kule Harvard ikiwemo, zimekuwa zikitengeneza seli beta kutoka seli shina bila seli ya kinga hata moja ndani yake. Seli hizo si kamilifu, lakini zinatoa insulini. Maana yake makrofaji hazihitajiki ili seli beta ya binadamu ipatikane kisahanini. Zinachofanya ni kuongeza idadi, uimara na nafasi ya kushika zikipandikizwa. Anayeandika kwamba bila makrofaji hakuna kongosho amevuka mpaka wa ushahidi.

Gharama? Kubwa. Safari kutoka seli shina hadi seli zinazotoa insulini huchukua mwezi au zaidi, na kila hatua ina vichocheo vyake ambavyo haviuzwi kwa bei ya sokoni. Makrofaji nazo zina safari yake sambamba, na pande zote mbili lazima zifike kituoni pamoja. Halafu kuna mgogoro wa lishe: majimaji yanayozifaa seli za homoni hayana kichocheo cha makrofaji, ukikiongeza unabadilisha na upande wa pili. Umeme ukikatika siku ya 20, umeanza upya. Kwa maabara isiyo na jenereta ya kuaminika, nasema wazi: usianzie hapa.

Samaki pundamilia na yai la kuku

Samaki pundamilia ana sifa moja inayowashinda wote: kiluwiluwi chake ni angavu. Ukitumia samaki ambao makrofaji zao zinang'aa kwa jeni ya mpeg1 na seli beta zinang'aa kwa rangi nyingine, unazitazama zikikutana, mubashara, ndani ya mnyama aliye hai. Hakuna njia nyingine hapa inayokupa hilo. Mayai ni mamia kwa mara moja, na matunzo ya samaki ni nafuu kuliko ya panya.

Shida ni saa. Seli beta za kwanza za samaki huyu zinaonekana yapata saa 15 baada ya kurutubishwa, ilhali makrofaji za kwanza ndiyo zinaanza kuzagaa juu ya kiini karibu saa ya 22 hadi ya 24. Seli beta hizo za kwanza hazikusubiri msaada wa mtu. Kwa hiyo usiulize kama makrofaji zinaanzisha seli beta za samaki. Uliza kuhusu seli beta za zamu ya pili, zinazotoka kwenye chipukizi la upande wa tumbo na mirija yake. Kuondoa makrofaji kunawezekana kwa samaki waliokosa jeni ya irf8, lakini kwao seli nyingine za kinga, nyutrofili, huongezeka. Umeondoa jirani mmoja, mwingine kajaa. Weka hilo kwenye mpango tangu mwanzo.

Yai la kuku hudharauliwa, na naona si haki. Tukiacha kompyuta, ndiyo njia pekee kati ya hizi ambayo mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anaweza kuianza bila kusubiri ufadhili mkubwa: mayai yenye mbegu, mashine ya kutotolea yenye nyuzi 37.5 hadi 38, darubini, mkono uliotulia. Unalilaza yai ubavu ili kiinitete kielee juu, unavuta mililita mbili tatu za ute kwa sindano upande butu, unabandika utepe, kisha unakata dirisha dogo kwa mkasi. Kiinitete kiko mbele yako juu ya kiini. Chipukizi la mgongo la kongosho hujitokeza karibu siku ya 3, na kutotoa ni siku ya 21.

Ndege ndio waliotatua swali kubwa la asili ya seli. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin wa Ufaransa alianza kupachika tishu za kware kwenye kiinitete cha kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware kina donge linaloonekana likipakwa rangi, hivyo unajua kila seli imetoka kwa nani. Kwa mbinu za aina hiyo Ann Andrew, Johannesburg, mwaka 1976, na kundi la Le Douarin mwaka uliofuata, walionyesha kwamba seli za homoni za kongosho hazitokani na tishu ya neva kama ilivyokuwa ikidhaniwa. Mwaka 1992 kware na kuku haohao walitumika kuonyesha kwamba seli za kumeza za kiinitete cha ndege hutoka kwenye mfuko wa kiini. Na tangu mwaka 2014, Taasisi ya Roslin kule Scotland ina kuku ambao makrofaji zao zinang'aa kwa kufuata jeni ya CSF1R.

Kasoro: kingamwili za kuku ni chache ukilinganisha na za panya, na kongosho la ndege limejipanga kivyake, visiwa vyenye seli alfa (zile za glukagoni) nyingi vikiwa mbali na vyenye seli beta nyingi. Kwa swali la nani ametoka wapi, yai linatosha kabisa. Kwa swali la nani anamwambia nani nini, litakuchosha.

Unachagua vipi

Ukitaka kujua kama makrofaji zinahitajika, nenda kwa panya mwenye upungufu, pima vijusi badala ya panya wazima, na umtumie wa Csf1r pamoja na op/op kama unaweza kuwapata wote wawili. Ukitaka kujua zinafanya nini na lini, kisahani. Ukitaka kujua zimetoka wapi, yai la kuku au panya mwenye alama ya kudumu. Ukitaka kuziona zikifanya, samaki. Ukitaka kitu kitakachomfikia mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, seli shina, na uende nazo ukiwa na mshirika aliyekwisha kuzizoea.

Nikilazimishwa kumpangia mtu mwenye miaka miwili na bajeti ya kawaida, ningempa hivi. Miezi minne ya kwanza kwenye data za umma za binadamu, atoke na protini tatu au nne za makrofaji zinazoonekana kulenga seli changa za kongosho. Kisha kisahani: vipande vya siku ya 12.5, nusu vikiondolewa makrofaji kwa klodronati, nusu vikibaki na vipovu vitupu. Kwenye vile vilivyoondolewa, arudishe protini mojamoja, kisha kwa vingine arudishe makrofaji zenyewe. Afanye kuondoa huko kwa nyakati mbili, siku ya kwanza ya kuotesha na siku ya nne, kwa sababu ya ule mvutano wa Paris na Seattle.

Vitu vya kuhesabu viwe vitatu tangu mwanzo: seli za insulini, seli zinazogawanyika, na umbali kati ya kila makrofaji na seli ya homoni iliyo karibu nayo. Hicho cha tatu watu hukiacha, halafu wakarudi kukitafuta kwenye picha ambazo hazikupigwa kwa ajili hiyo. Na jinsia ya kijusi iandikwe. Ni kipande cha mkia na PCR ya asubuhi moja.